Maziwa ya Bernice Yamefika Wapi

Alhamisi asubuhi LuAnn Zastrow aliwasha kompyuta ofisini, akamtazama Bernice, na kikombe cha kahawa kikamponyoka. Hakukiokota. Alibaki ametoa macho tu, kahawa inamchuruzikia viatuni, kwa sababu maziwa ya Bernice, ambayo jana jioni aliyaacha magotini, sasa yalikuwa yamepanda mpaka tumboni.

Bernice, usije ukadhani ni mtu, ni ng'ombe. Tena si wa zizini, ni ng'ombe wa kwenye skrini. LuAnn ndiye aliyemchora, ndani ya ile programu ya chati ambayo Ushirika wa Bonde la Hasler ulinunua kwa mbwembwe nyingi. Programu ilikuja na chati zake za kawaida: nguzo, mistari, na duara lililokatwa vipande kama keki. Wanachama wa ushirika, wafugaji wa Wisconsin, walizitazama kwenye mkutano wa kwanza wakasinzia. Wengine walikoroma waziwazi, bila hata aibu. LuAnn akarudi ofisini amenuna, akafungua sehemu ya chati maalumu, ile inayokuruhusu kuchora umbo lako mwenyewe likajazwa rangi kulingana na mauzo yanavyolikaribia lengo la mwaka. Akachora ng'ombe aliyesimama ubavu: kwato, magoti, kiwele, tumbo, mgongo, pembe. Jibini likiuzwa, maziwa yanapanda. Jibini likidoda, maziwa yanabaki kwatoni. Haya, nani atasinzia mbele ya ng'ombe?

Hakuna aliyesinzia. Walimpenda, jamani! Jina la Bernice walimpa wenyewe, wakawa wanaulizana habari zake dukani na kanisani, na barua ya ushirika ya kila mwezi ilikuwa haisomwi ila ukurasa wa Bernice. Nambari hakuna tena aliyeziuliza.

Sasa hapo ndipo palipoingia balaa. Ushirika ule una viwanda viwili vya jibini. Kimoja kikubwa, cha kisasa, kiko barabara kuu. Kingine kidogo, cha matofali, kiko kilimani Hasler kwenyewe, kinatengeneza jibini la kunuka la mapishi ya mababu wa Kijerumani. Nikisema kunuka sikutii chumvi. Ukilila ndani ya gari, gari linakumbuka mpaka kiangazi. Wazee wanalipenda kufa, wanalila na kitunguu kibichi na mkate mweusi. Vijana wakilisikia harufu wanafungua madirisha. Mkuu wa kiwanda hicho ni Gordy, mdogo wake LuAnn, na hajawahi kufanya kazi nyingine yoyote tangu amalize shule.

Mwaka jana, kwenye mkutano mkuu, kulizuka ugomvi. Wengine walitaka kiwanda cha Gordy kifungwe, maziwa yote yapelekwe kule kikubwa. Wengine walisema hapana, hicho ni chakula cha babu zetu. Walibishana mpaka viazi vikapoa kwenye sahani. Mwishowe mwenyekiti, Verlyn Aasen, mtu ambaye ukimtajia asilimia anashika kichwa, alisimama akasema, "Jamani, tusisumbuane. Mwakani siku kama ya leo, kwa mauzo ya kiwanda cha kilimani peke yake, maziwa ya Bernice yakiwa yamefika kwenye kiwele, kiwanda kinabaki. Yasipofika, tunafunga. Mnasemaje?"

Mikono yote juu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kiwele ni kiasi gani. Watu wazima na akili zao, wametundika kiwanda cha watu kwenye chuchu za mchoro! Lakini ndivyo ilivyopita, na mkutano wa kutoa hukumu ulikuwa Jumamosi hii.

Kwa hiyo LuAnn, viatu vimelowa kahawa, alinyakua simu.

"Dada, kuna nini asubuhi hii?" Gordy alisema. Nyuma yake pampu zilikuwa zinanguruma. "Nina maziwa motoni."

"Gordy, umeuza nini?"

"Nimeuza nini wapi?"

"Bernice amejaa! Yamepita kiwele, yako tumboni!"

Gordy akazima pampu moja.

"LuAnn, acha utani wako. Leo siyo siku yake."

"Haki ya Mungu tena! Namwona hapa kwa macho yangu."

"Lakini mimi... mbona ghala..." Gordy akakatisha. "Labda ni oda za Pasaka. Wale wa Chicago si huwa wanachukua mzigo kabla ya Pasaka?"

"Si ndio hao!"

"Basi ndio hao," Gordy alisema, na LuAnn alisikia sauti ya mdogo wake ikibadilika, ikawa ile sauti ya utotoni ya kuambiwa shule imefungwa kwa theluji. "Ndio hao, dada! Ngoja nikawaambie watu wangu."

Tuwe wakweli, si kwamba LuAnn alikuwa mjinga. Hesabu za mwezi zilikuwa zimeingia usiku uleule, kwa hiyo lingewezekana. Na kama angetaka kuhakikisha, kulikuwa na njia nyepesi kabisa: unaweka kishale juu ya ng'ombe, nambari inatokea. Hakukiweka. Ilikuwa siku nyingi hakiweki. Ukimuuliza kwa nini, angekwambia ana kazi nyingi. Kulikuwa pia na kijikaratasi cha rangi pembeni mwa skrini, kimeandikwa KARIBU TOLEO JIPYA, TAZAMA YALIYO MAPYA. Alikifunga bila kukisoma, kama tunavyofanya wote.

Ijumaa asubuhi alikuwa anamwandaa Bernice kwa ajili ya mkutano, anampunguza kidogo akae vizuri kwenye projekta, kishale kikateleza chenyewe kikagusa mkia. Nambari ikatokea. LuAnn akaisoma.

"Ala!"

Nambari ilikuwa ileile ya mwezi uliopita, na kijipunje tu juu yake. Akaweka kishale kwenye kwato: ileile. Akaweka kwenye pembe: ileile. Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akatafuta oda za Chicago, duka kwa duka, na Chicago haikuwa imenunua hata kipande cha kunusa. Jibini halijauzwa. Maziwa yamepanda. Yametoka wapi? Nani kayatia? LuAnn alianza kujishuku mwenyewe, akajiuliza labda jana ndiyo aliona vibaya, au leo ndiyo anaona vibaya, au ameshaanza ule ugonjwa uliomchukua mama yao, wa kuweka funguo kwenye friji.

Akawapigia watu wa programu. Alisikilizishwa muziki mpaka sikio likamuuma, halafu akapokea binti mmoja mchangamfu kupita kiasi.

"Hongera, mama!" binti alisema baada ya kusikiliza. "Mmeshahamia toleo jipya!"

"Hongera ya nini? Mimi nina maziwa yaliyopanda yenyewe."

"Ni Mjazo wa Eneo, mama. Katika toleo jipya maumbo yote maalumu yanajazwa kwa eneo, siyo tena kwa kimo. Watu walikuwa wanaliomba sana hilo."

"Binti, nisemeshe kama mtu."

"Umbo lako ni la nini?"

"Ng'ombe."

"Samahani, umesema ng'ombe?"

"Ng'ombe. Ana miguu minne na mkia. Endelea."

"Sawa... ng'ombe." LuAnn alisikia kabisa kwamba binti anajizuia kucheka. "Zamani mauzo yakiwa robo ya lengo, programu ilikuwa inapima robo ya urefu wa ng'ombe, kutoka chini kwenda juu. Inafika wapi hapo?"

"Magotini."

"Haya. Sasa inapima robo ya mwili wote. Miguu si ni myembamba? Haichukui kitu. Inajaa mara moja, halafu linaanza tumbo."

LuAnn alimtazama Bernice. Miguu ilikuwa myembamba kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichora hivyo, akiogopa ng'ombe asije akaonekana kama meza.

"Kwa hiyo siku zote alikuwa anadanganya?"

"Hapana, mama, alikuwa sahihi."

"Basi sasa ndio anadanganya."

"Hapana. Sasa amekuwa sahihi zaidi."

"Ng'ombe mmoja, nambari ileile, maziwa yako magotini na yako tumboni, na kote ni sahihi?"

"Inategemea wewe unataka kuonyesha nini, mama."

Loo! LuAnn nusura aitupe simu dirishani. Anataka kuonyesha nini! Yeye alikuwa anataka mtu mmoja tu, popote alipo, amwambie maziwa yako wapi. Binti akamwelekeza kitufe kidogo pembeni: ukikibonyeza kinasoma Kimo, ukikibonyeza tena kinasoma Eneo. Akamtakia siku njema, akakata.

LuAnn akabonyeza. Maziwa yakaporomoka mpaka magotini. Akabonyeza tena. Yakapanda tumboni. Akaendelea hivyo asubuhi nzima kama mtoto aliyegundua swichi ya taa, kichwa kinamzunguka. Kidole kikishuka, mdogo wake ana kazi. Kidole kikishuka tena, hana. Na jibini lililokuwa limeuzwa duniani halikuongezeka wala kupungua hata chembe.

Jioni alikwenda kwa samaki. Kila Ijumaa jioni Hasler nzima iko pale kwenye baa ya njia panda, inakula samaki wa kukaanga na kabichi na kushushia na brandi. LuAnn alikuwa amejiapiza: leo leo nitamwambia. Aliingia akamkuta Gordy katikati ya watu, shati limepigwa pasi, kila anayepita anampiga mgongoni.

"Gordy!" aliita Mama Donna Prochnow kutoka meza ya pili. Huyu ni mwanachama wa siku nyingi, mwenye ng'ombe wengi na mdomo mkubwa kuliko wote. "Nasikia watu wameanza kukila kile kitu chako! Au wananunua cha kufukuzia panya?"

"Linanuka, nakubali," Gordy alimjibu, glasi mkononi. "Lakini hata soksi za mzee wako zinanuka, Mama Prochnow, na mbona hujamfukuza?"

Baa ikaangua kicheko, mzee Prochnow mwenyewe akiwa wa kwanza. Gordy akaagiza raundi ya brandi kwa meza zote. LuAnn akamvuta mkono.

"Njoo nje kidogo."

Walisimama kwenye maegesho, kwenye tope, karibu na rundo la theluji kuukuu iliyokwisha kuwa nyeusi. Gordy alikuwa anatabasamu bila sababu. LuAnn hakukumbuka mara ya mwisho kumwona hivyo.

"Ni kuhusu Bernice," LuAnn akaanza.

"Unajua, dada," Gordy akamkatiza, "mimi na Trudy tulikuwa tumeshakata shauri. Tuuze nyumba, twende kwa wazazi wake Iowa. Alikuwa ameshaanza kufunga vyombo. Jana nikampigia nikamwambia, mke wangu, fungua maboksi." Akainua glasi kumwelekea dada yake. "Ulikuwa unasemaje?"

LuAnn alimwangalia, akaangalia tope, akamwangalia tena.

"Nilikuwa nasema... kesho uvae tai."

Vaa tai! Mtu mzima, nywele za mvi, umemtoa mwenzio baridini umwambie jambo la maisha yake, unamwambia avae tai! Alirudi ndani akala samaki bila kujua anakula nini.

Jumamosi, ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa mapema. Nyama ya nguruwe ya kuokwa, viazi vya krimu, saladi ile ya jeli ya kijani ambayo hakuna anayekubali kwamba anaipenda, na lile birika kubwa la kahawa linalochemka toka asubuhi. Wanaume wamevaa kofia za kampuni za mbegu. Gordy alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na birika, na tai yake shingoni. Ilikuwa tai ya harusi yake.

LuAnn alikuwa mbele na kompyuta, na mpaka dakika ile alikuwa hajui anamwonyesha Bernice yupi. Akimweka kwa kimo, huyo ndiye waliyempigia kura mwaka jana. Akimweka kwa eneo, wenye programu yao wanasema huyo ndiye sahihi zaidi. Kila alipofikiri amepata jibu, lilimgeukia. Mwishowe aliamua kutogusa chochote. Programu ilijibadilisha yenyewe, basi na iseme yenyewe. Mimi sikumshika mtu mkono. Ndivyo alivyojiambia, na alijiambia mara nyingi, jambo ambalo lingetosha kumshtua.

"Haya, LuAnn," Verlyn Aasen akasema, akipangusa masharubu, "tuletee bibi harusi."

Bernice akatokea ukutani, mkubwa kama trekta, maziwa tele tumboni. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mtu akapiga mluzi.

"Kiwele kimefikiwa na kupitwa!" Verlyn akatangaza. "Kiwanda kinabaki. Kuna lingine?"

Mama Prochnow akainua mkono. Huyu naye hakosi.

"Mimi nina swali dogo tu, mwenyekiti. Wala sina ubaya na Gordy, kila mtu anajua. Lakini kwenye barua ya mwezi uliopita huyu ng'ombe nilimwona maziwa yako magotini. Nataka kujua amelishwa nini, na mimi nikawalishe wa kwangu."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Swali zuri," Verlyn akasema, naye akicheka. "LuAnn, amelishwa nini?"

Nyuso zote zikamgeukia. Zilikuwa nyuso za watu wema, wameshiba, wanangoja mzaha. Angeweza kusema oda za Pasaka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akamwona Gordy kule nyuma ameacha kucheka, anamtazama yeye, siyo ng'ombe.

LuAnn akabonyeza kitufe.

Maziwa yakaporomoka. Ukumbi mzima ukasema "Aaa!" kama watu walioona mtoto ameanguka.

"Hee! Yamekwenda wapi?"

"Rudisha, LuAnn, umegusa kitu!"

Akarudisha. Yakapanda.

"Hayo! Yaache hapo hapo!"

"Hapana, shusha tena, tuone vizuri!"

Akashusha. Mtu akauliza kama ng'ombe anavuja. LuAnn akajaribu kuwaeleza habari za kimo na eneo, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kupotea, naye akapotea pamoja nao, mpaka akajikuta anachora miguu ya ng'ombe hewani kwa kidole na kusema "nyembamba, nyembamba" bila kujua anaelekea wapi.

"Subirini, subirini!" Verlyn akapiga meza. "Mwaka jana tulimpigia kura ng'ombe yupi?"

"Bernice!"

"Bernice yupi?"

"Yule wa zamani!"

"Ni huyohuyo, bwana, wewe vipi? Ana doa lilelile!"

"Mimi nimekamua toka msichana," Mama Prochnow akasimama, mikono kiunoni, "sijaona hata siku moja maziwa yakikaa kwenye kwato. Huyu alichorwa vibaya toka mwanzo. Akatwe miguu, tuhesabu upya!"

Makofi tena. Mtu akaunga mkono hoja ya kukata miguu. Mwingine akapinga, akisema ng'ombe bila miguu ni nyama. Maskini Verlyn, jasho linamtoka, akawa anauliza kwa dhati kabisa kama kukata miguu ya ng'ombe wa ushirika kunahitaji theluthi mbili ya kura. Hakuna aliyekuwa anaelewa kinachopikwa wala kinachopakuliwa.

"Dada."

Haikuwa sauti kubwa. Lakini ilitoka nyuma, kwenye birika la kahawa, na mmoja mmoja wakageuka wakanyamaza.

"Achana na ng'ombe," Gordy akasema. "Nambari ni ngapi?"

LuAnn alitazama skrini ingawa hakuhitaji kutazama.

"Gordy..."

"Kati ya kila vipande mia tulivyosema tutauza. Vimeuzwa vingapi?"

"Ishirini na tano," LuAnn akasema. "Na hata hivyo nimevikadiria juu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi nambari kutajwa kwa sauti kwenye ukumbi ule, na kila mtu aliielewa, hata Verlyn. Birika likaendelea kuchemka. Mama Prochnow akakaa chini taratibu, akajishughulisha na leso yake.

Gordy akalegeza tai.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Ghala langu limejaa mpaka nimeanza kupanga jibini kwenye ujia. Kila asubuhi napita ubavu ubavu kama mwizi. Juzi dada aliponipigia, akaniambia Bernice amejaa, nilikwenda nikasimama mlangoni nikalitazama lile jibini lote. Liko palepale. Nikasema labda hili siyo lile. Labda kuna lingine limeuzwa ambalo mimi sikuliona." Akajaribu kucheka, hakuweza. "Nimelitengeneza kwa mikono yangu, nimeligeuza kila siku, halafu nikamwamini ng'ombe wa ukutani. Jamani, tusikate miguu ya mtu. Mwenyekiti, piga kura."

Verlyn akauliza wanaotaka kiwanda kifungwe, sauti yake ikiwa ndogo. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Gordy. Mingine ikafuata, kwa shida, watu wakitazama sahani zao.

Baadaye, watu wameondoka, LuAnn alikuwa anapakia projekta kwenye gari. Tope lilikuwa limeganda kidogo kwa upepo. Alimwona Gordy anakuja ameshika kifurushi cha karatasi ya kahawia. Trudy alikuwa ameshakaa ndani ya gari lao, anatazama mbele.

"Ulijua toka lini?" Gordy akauliza.

LuAnn angeweza kusema toka jana asubuhi, na lingekuwa kweli kwa namna yake.

"Toka kabla sijamchora Bernice."

"Kabla."

"Mauzo yalikuwa yameanza kushuka. Nilikuwa na nambari mezani, sijui nikwambieje. Wewe unaipenda sana kazi ile, Gordy. Na wale wanachama walikuwa wanasinzia kweli, hilo sikudanganyi. Nikasema nikichora kitu kizuri... Halafu nikaacha kuziangalia hata mimi."

Gordy akatikisa kichwa polepole. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka aliweka wapi kitu.

"Wakati ule ningebadilisha. Ningetengeneza jibini lingine, la watoto, la kuwekwa juu ya piza, lolote lile. Nilikuwa na nguvu bado."

"Najua."

"Nyumba yangu na yako ni kuvuka barabara tu, LuAnn. Ungevuka ukaniambia, mdogo wangu, halinunuliki. Ningekukasirikia wiki mbili, halafu ningekuja kula kwako."

"Najua, Gordy."

"Wewe ukanichorea ng'ombe."

LuAnn alikuwa analia, na hakujua alianza saa ngapi. Gordy akamshika mkono, akamwekea kile kifurushi, jibini la kila Jumamosi kama alivyomletea miaka yote, linanuka kupitia kwenye karatasi.

"Chukua," akasema. "Lipo tele."